Simba wa Utani

Kitangari, Newala
14 Novemba 1993

Kwa mke wangu mdogo Ziada,

Salamu nyingi kama vumbi la Kitangari. Mimi babu yako Bwanali, mzaa mama yako, ni mzima, na nikisema mzima ujue ni mzima kweli. Juzi nimeshindana kupanda mlima wa kisimani na kijana mwenye ndevu za kwanza, nimemwacha nyuma anahema kama mbwa wa kukopwa. Mama yako hajambo, mgongo tu unamsumbua kwa kubeba maji. Mikorosho imezaa. Tulipuliza salfa, ile dawa yake ya unga, mpaka watu wote tukawa weupe kama majini. Wanunuzi binafsi nao wameanza kupita, maana siku hizi ni ruksa, kila mtu ana mizani yake na kila mizani ina tabia yake. Bwana wako Haji hajambo? Mwambie nimekuazima tu kwake, nikikutaka nakurudisha.

Barua hii naiandika mwenyewe. Kisomo changu cha ngumbaro, cha watu wazima, unakijua, herufi zangu zinatembea kama kuku waliokunywa pombe ya uraka, lakini nyumbani zinafika.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka misonobari ya bondeni, juu ya kisima cha Namalembo? Ulipokuwa mtoto ilisimama mistari mirefu kama askari wa gwaride. Tuliipanda wakati wa vijiji vya ujamaa. Bwana misitu alituambia tung'oe kila kitu kingine, tupande huo tu, basi tukang'oa. Mimi siku ile nilisema wazi: mti wa aina moja ni kama watu wa tumbo moja wanaolala mkeka mmoja, homa ikiingia wanalala wote. Hakuna aliyenisikiliza. Na kama sikusema, basi nilifikiri kwa nguvu. Ukaja ukame, wakaja mchwa, halafu ule moto. Misonobari ikafa imesimama, na kisima nacho kikafa, maji yakawa ya kukwangua na kata.

Wenzangu walitaka tuangushe ile mikavu yote tupande misonobari mingine, ati ndiyo ina soko. Nikawaambia niachieni mimi huo mteremko. Wakacheka, wakaniachia. Sikukata hata mmoja. Ndege wanakuja kukaa juu ya ile mikavu, wanakunya, na mavi ya ndege ndiyo bwana shamba wangu. Hondohondo ananiletea mbegu ambazo mimi siwezi kuzifuata hata nikipewa baiskeli. Chini yake pameota kila kitu: mitondoo, mikwaju, mikuyu kule kwenye unyevu, na miti mingine hata mimi sijui jina, nao hawalijui langu. Huyu anastahimili jua, yule anastahimili mchwa, yule anapenda maji. Watakufa, sawa, lakini hawatakufa siku moja. Ming'oko, vile viazi vya porini, tumechimba humo mwaka jana wakati wa njaa. Na kisima, Ziada, ndoo inajaa sasa kabla mwanamke hajamaliza kumsengenya jirani.

Ninachokosa ni mkongo na mninga. Huku wenye misumeno wamemaliza. Huko kwenu Chiungutwa milimani bado ipo. Niokotee mbegu unitumie kwa basi. Ukikataa nakupa talaka.

Mume wako wa kwanza,
Bwanali


Chiungutwa, Masasi
20 Desemba 1993

Kwa mume wangu mzee usiye na meno,

Salamu baada ya salamu. Sisi huku hatujambo. Haji hajambo, amenunua baiskeli ya mtumba, breki hakuna, anasimamishia miguu. Mvua imeanza, tumepanda mahindi na njugu mawe. Msalimie mama, mwambie kitenge nimekipata.

Mbegu nimempa kondakta, nimezifunga kwenye pindo la kanga kuukuu. Zile nyeusi zenye kofia nyekundu ni mkongo, usiwape watoto watatunga ushanga. Zile kama chapati yenye manyoya ni mninga. Nilikwenda kuokota na wanawake wenzangu wa mtaani, wananicheka, wanasema mume wako wa Newala anakula mbegu siku hizi?

Neno moja, babu. Kondakta anasema msitu wako umefunga mpaka njia ya kisimani haionekani, na nguruwe pori wameingia humo. Haji akasema, nguruwe wakiwa wengi, anayewapenda nguruwe naye yuko njiani. Sikupenda alivyosema. Punguza kichaka karibu na njia. Mama anapita hapo.

Mimi mkeo unayenitishia talaka bila mahari,
Ziada


Kitangari
9 Machi 1994

Kwa Ziada mke wangu,

Salamu. Mbegu zimefika, kasoro chache, nadhani kondakta ana watoto wa ushanga. Nimezipanda chini ya mikavu, penye kivuli chembamba, mkongo imeshatoa kichwa. Mama yako mzima. Mimi mzima kuliko wote. Radi imepiga mnazi wa jirani nami nimekaa chini yake, mnazi umekufa mimi nimepata usingizi.

Sasa sikiliza, usiogope, mimi mwenyewe siogopi.

Haji kumbe ana mdomo. Simba amekuja. Mwanzo alichukua mbuzi, tukasema fisi. Halafu wanawake wakamsikia.

Kabla ya hapo palikuwa na mazishi ya mzee Bartholomayo. Unamjua mtani wangu Alfredi, yule Mmakua wa kanisani, tuliingia jando mwaka mmoja. Kama kawaida ya watani alijitia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Akiwa humo humo akaniona, akapiga kelele: "We Bwanali mla panya! Panya mmewamaliza, sasa unafuga nini humo kichakani kwako?"

Mimi nishindwe? Nikamjibu: "Nafuga simba. Nimemfundisha kula Wamakua watupu, maana sisi Wamakonde tuna mafuta ya korosho, tunamkinaisha. Na wewe Alfredi nimemwambia akuache wa mwisho, kwanza unenepe."

Watu walicheka mpaka wachimba kaburi wakakaa chini. Silvesta alicheka akafuta machozi kwa kofia yake.

Ziada, Silvesta ni Mmakua. Ndiye alikuwa analala kwenye dungu shambani kwake kulinda muhogo usiliwe na nguruwe, ng'ambo ya kisima, pembeni ya msitu wangu. Alfajiri ameshuka kuota moto. Tumeikuta kofia.

Tumezika kilichobaki, lakini watani hawakufanya mchezo wowote. Alfredi hakuingia kaburini. Nikamtania kidogo ili mambo yawe mambo, akanipa kisogo. Kuna kijana anaitwa Isaka, mpwa wa marehemu, amerudi kutoka Dar na marobota ya mitumba. Huyo hajui utani ni nini, yeye anajua bei. Akaniangalia mimi mazishi yote, hakupepesa.

Bwana nyama, yule wa wanyamapori, alikuja, akaangalia nyayo, akasema ni dume, akaondoka kwenda kutafuta risasi. Bado anazitafuta.

Nakuambia tu ili ukisikia kwa watu ujue ilikuwa utani.

Bwanali


Chiungutwa
24 Aprili 1994

Kwa babu Bwanali,

Shikamoo babu. Natumaini hujambo na mama hajambo. Sisi hatujambo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua, basi lilikwama, barua yako imekaa Masasi mjini muda mrefu.

Huku pia habari imefika. Pale mashine ya kusaga watu walikuwa wanazungumza, wanasema kuna mzee wa Newala ana simba, amesema mwenyewe makaburini. Wakanitajia jina. Mimi nikasema akina Bwanali Newala ni wengi.

Haji ameniuliza nyumbani. Nikamwambia usiku umekuwa mwingi, tulale.

Mbegu nyingine sitatuma kwa sasa.

Msalimie mama, asiende kisimani peke yake.

Mjukuu wako,
Ziada


Kitangari
29 Mei 1994

Kwa Ziada,

Marahaba.

Hiyo marahaba imenikaa kooni kama mwiba wa dagaa. Tangu ulipoota meno hujawahi kuniamkia. Ulikuwa unanivuta ndevu. Nimeisoma barua yako nikaigeuza nyuma nikidhani matusi yako umeyaandika huko. Hakuna kitu. Haya.

Mama yako mzima. Mihogo mizima, ile iliyoachwa na nguruwe.

Nikuambie yaliyotokea, maana utaambiwa na mashine ya kusaga. Waliniita barazani. Isaka akasimama, shati lake la mtumba limeandikwa maneno ya kizungu kifuani, akasema: "Mzee huyu ana simba. Kama hana, aingie msituni peke yake mpaka atokee kisimani. Simba akimla, basi tutajua si wake."

Nikasema: "Na asiponila?"

Akasema: "Tutajua ni wake."

Mimi nimetunga uongo mwingi maishani, Ziada, lakini huo sikuwahi kuufikia. Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Basi nikamgeukia Alfredi, nikasema mtani, waambie. Sema ulikuwa utani. Utani hauna kesi, hata watoto wanajua. Alfredi akaangalia chini, akachora chora kwa fimbo, akasema: "Mimi nilicheka. Lakini yeye alikuwa anacheka nini, sijui."

Nikaingia. Wao wamebaki nyuma na mikuki, hawakunilinda mimi, walikuwa wananilinda nisirudi.

Ule msitu naujua kuliko kitanda changu. Siku ile sikuujua. Vichaka nilivyoviombea vikue, vimekua, huoni mbele wala nyuma. Ndege wametulia kimya. Mikavu ile ya misonobari inalialia juu kama mlango. Nikapita penye miche ya mkongo, miche yako, pale kuna matope kidogo, nilikuwa nimemwagilia siku iliyotangulia na wayo wangu ulikuwepo, huu wa kidole kilichokatika. Juu ya wayo wangu kulikuwa na wa kwake. Mkubwa kama sahani ya wali. Alikuwa amenifuata, Ziada. Siku iliyotangulia, mimi naimba namwagilia, yeye yuko nyuma yangu.

Hilo sijamwambia mtu.

Nikatokea kisimani. Wanawake waliponiona wakatupa ndoo wakakimbia. Mama yako peke yake ndiye alibaki, analia.

Tangu siku hiyo natembea kama mfalme. Wananipisha njia. Wananiamkia shikamoo, wote, hata wazee walioniona nikizaliwa. Alfredi naye ananiamkia. Alfredi! Mtu tuliyelala naye jando moja, tunagombania majani ya kujifunika, ananiambia shikamoo na macho yake yako chini. Sikuitikia. Nilikwenda nikakaa nyuma ya nyumba.

Na msitu, hakuna anayevunja hata ukuni. Wafanyabiashara wa mbao walikuja kutoka mjini, wakanong'onezwa pale dukani, wakageuza gari. Mlinzi gani wa serikali amewahi kulinda hivyo? Miti inakua kwa raha. Nikifungua mdomo nikasema sina simba, kesho wanaingia na mapanga, wanafyeka kila kitu kwa hofu, na tunarudi kukwangua maji. Nikinyamaza, msitu unapona. Lakini akiliwa mtu mwingine, hawataniita tena barazani. Watakuja nyumbani.

Siogopi. Mlango nauegemezea mchi kwa ajili ya upepo. Na haja ndogo napenda tu kuifanyia kwenye kopo, ni uzee.

Babu yako


Chiungutwa
17 Julai 1994

Kwa babu,

Shikamoo. Hatujambo, natumaini na nyinyi ni hivyo.

Babu, nina mimba. Mtoto atakuja mwezi wa kumi. Mimba ya kwanza mwanamke anakwenda kwa mama yake, unajua. Nimekwisha kushona vinepi.

Haji amekataa. Anasema hawezi kumpeleka mke wake na mtoto wake kulala kwenye nyumba ya mwenye simba. Nimemwambia ni utani, nimeapa. Akasema, kwani wewe ulikuwepo? Kweli sikuwepo. Mama yake amesema nijifungulie hapa, lakini mimi namtaka mama yangu. Naogopa kuzaa, babu. Wawili hapa mtaani wamekwenda mwaka huu.

Nilikukana pale mashineni. Unajua, nimekuandikia mwenyewe. Naona haya, lakini ndivyo nilivyofanya.

Sitakuuliza kama ni kweli, nakuambia hivi tu: kama huna, waambie watu wote huna, wazi, wasikie. Na kama unaye, mwambie aondoke.

Ziada


Kitangari
4 Septemba 1994

Kwa Ziada mjukuu wangu,

Salamu. Mama yako hajambo, habari ya mimba imemnyoosha mgongo. Anatwanga, anaimba, amekwisha kutayarisha mkeka.

"Kama unaye." Barua yako niliikalia siku nyingi kwa maneno hayo mawili. Hata wewe. Nilikasirika, nikasema sijibu. Halafu walikuja wazee wa kijiji cha Mkunya, watu wazima, wenye kanzu. Wakaketi mbali na mimi. Wakasema nao wana kilima chao, kilikuwa na misonobari imekufa, wakaacha vichaka viote kama nilivyofanya mimi, lakini watu wanakata kuni usiku na mchana. Nikaanza kuwaeleza, acheni mikavu isimame, ndege watafanya kazi, tafuteni mkuyu wa kwenye unyevu. Wananitikisia kichwa tu. Mwisho mmoja akakohoa: "Hayo tumesikia, mzee. Sisi tulikuja kuomba utuazime simba mmoja."

Nikasema sina simba.

Wakaangaliana. Akasema: "Tutarudi na jogoo."

Wakaondoka. Nikaona, Bwanali, watu hawa watakuzika na simba wako, na mjukuu wako atazalia ugenini akiogopa.

Basi ulipokuwa mkutano wa salfa pale ofisini, kijiji kizima kipo, nikasimama. Nikasema: "Simba sina. Sijawahi kuwa naye. Nilimtania Alfredi kaburini kama baba yangu alivyomtania baba yake. Mwenye simba anafunga mlango na mchi? Mimi nafunga. Mwenye simba anakojoa kwenye kopo? Njooni mnuse nyumba yangu. Ameninusa nyayo, amenifuata nyuma mimi nikiimba, na sasa nikiona paka njiani nageuka." Nikawaambia habari ya ule wayo juu ya wayo wangu. Nikanyoosha mguu wakaona kidole kilichokatika.

Huko nyuma Alfredi akasema: "Kumbe ni mla panya tu!" Mtu mmoja akacheka, na wa pili, ikawa kama mvua kwenye mabati. Nililia, Ziada, mbele za watu, nikasingizia unga wa salfa.

Asiyecheka alikuwa Cecilia, mjane wa Silvesta. Akangoja wanyamaze. Akasema: "Basi aliyemla mume wangu ni wa nani?"

Watu wakaanza kutawanyika. Mimi mwenye maneno yote, nikakaa chini.

Asubuhi nikasikia mapanga. Nilijua. Jana wanaogopa mwenye simba, leo hawana wa kumwogopa, wameingia. Nikateremka nakimbia. Isaka yuko mbele na wenzake, wanafyeka, wamekwisha kuangusha mikuyu miwili ya chini, na ile miche ya mkongo ya karibu wameikanyaga kama magugu. Nikasimama mbele ya panga lake. Akaniambia: "Toka, mzee mwongo!" Ukiacha utani wa Alfredi, tangu mwezi wa tatu nilikuwa sijatukanwa. Nilitaka kumbusu, na nilitaka kumvunja mkono. Nikamwambia: "Mnaogopa, hata mimi naogopa. Lakini mkifyeka yote, nguruwe watahamia mashambani kwenu, na anayewafuata atawafuata huko huko. Na maji yatakwenda."

Akasema: "Mwambie Cecilia hayo."

Cecilia alikuwa hapo hapo, na ndoo kichwani, na wanawake wengine, mama yako kati yao. Akatua ndoo. Akaangalia juu kwenye mikavu, akaangalia kisima. Akasema: "Kateni njia. Msikate maji."

Basi tumekata njia. Pande mbili zote tumefyeka vichaka, upana wa mtu kurusha mkuki, kuanzia mlimani mpaka kisimani, mwanamke anaona mbali mbele na nyuma. Ile misonobari mikavu ya kando ya njia tumeangusha, watu wamechukua kuni. Huko ndani pamebaki kama palivyo. Nimepungukiwa miti mingi, nikipita naangalia upande mwingine. Mkongo imebaki minne. Wanaume tunapokezana kwenda na wanawake asubuhi na jioni, tunapiga debe ili simba akae mbali. Zamu yangu ni pamoja na Alfredi. Anaogopa kuliko mimi, ndiyo maana anatukana sana.

Haji mwambie hivi, msomee: nyumba haina mwenye simba. Aje mwenyewe anilaze chini anipekue. Na wewe njoo kabla mvua haijaharibu barabara. Shukeni pale sokoni, msikubali kondakta awashushe njia panda. Mje na watu, mje jua likiwa juu, mpite barabara ya kijijini, njia ya mkato msiiguse. Mkinisikia nimewafuata na debe msicheke.

Maana bado yupo. Jana amenguruma upande wa mtoni, kijiji kizima tukazima taa. Simba wa mtu unaweza kumwendea mwenyewe ukampigia magoti. Huyu hana mwenyewe.

Bwanali